Mchicha Nilioulisha Mwenyewe

Hata leo nikikutana na mtu njiani amebeba fungu la mchicha, mimi huvuka nikapita upande wa pili wa barabara, na nikiulizwa sababu husema naogopa matope. Si matope. Ni aibu ya Jumamosi, tarehe 14 Mei 1994, siku ambayo watu kumi na saba wa heshima (niliwahesabu, sikuwa na kazi nyingine pale nilipokuwa nimechuchumaa) walinikuta mahali ambapo mjane wa umri wangu hapaswi kukutwa, nikiwa nimevaa kitu ambacho mjane wa umri wangu hapaswi kukivaa, na kati ya watu hao kumi na saba alikuwamo mume wa binti yangu. Naona afadhali nilisimulie jambo hili mwenyewe, kwa mpangilio wake na kwa tarehe zake, kuliko kuendelea kulisikia kwa jirani yangu Mama Roda, ambaye kila akilisimulia huniongezea sentimita kumi za mchicha.

Kwanza mjue kwamba mimi nilisoma ukubwani. Mume wangu alifariki tarehe 3 Agosti 1987, na mwezi Februari 1989, nikiwa na miaka arobaini na mmoja, niliingia darasa la watu wazima, lile ambalo majirani huliita gumbaru huku wakichekea puani. Kufikia mwaka 1993 nilikuwa nasoma gazeti bila kufuata mstari kwa kidole, naandika barua yenye anwani na tarehe, na hesabu za eneo na uzito nilizijua kuliko mwalimu wetu alivyopenda. Siyasemi haya kwa kujisifu (basi, kidogo), bali kwa sababu elimu hiyo ndiyo iliyonitumbukiza. Asiyejua kusoma asingeweza kukosea kwa ufasaha kama nilivyokosea mimi.

Nyumbani kwetu ni Kabras, ambako ukiamka asubuhi unaona miwa mbele, miwa nyuma, na kando trekta la kubebea miwa. Sehemu pekee ya boma letu isiyokuwa na miwa ilikuwa bustani ya bondeni, karibu na kijito, na mwenye neno la mwisho juu yake alikuwa mama mzaa marehemu mume wangu, ambaye sisi sote tunamwita Kukhu kama wajukuu wake wanavyomwita. Yeye ndiye aliyenipa bustani ile nilipoolewa. Baada ya mazishi ikawa mahali pekee duniani ambapo niliweza kusema "pangu" bila mtu kukohoa. Kisha, mwaka 1991, shemeji yangu Makokha, mdogo wake marehemu, akaanza kukohoa.

"Mulamwa," aliniambia (ndivyo mashemeji tunavyoitana), "huu udongo umechoka. Mboga zako zinakuwanga za manjano kama mtu wa homa. Tuweke miwa, tumalize haya maneno."

Mwezi Januari 1994 tukakaa mbele ya Kukhu tukakubaliana: nipewe msimu mmoja wa mvua. Kabichi zikikubali, bustani ibaki yangu. Zikikataa, miwa iingie Agosti. Tangu siku hiyo sikupata utulivu. Nilikuwa nashuka bondeni hata mara nne kwa siku, kuangalia udongo mtupu, kama mtu anayechungulia sufuria ambayo bado hajaiweka jikoni.

Jumatano, tarehe 16 Machi, kikundi chetu cha akina mama kilikutana kwa Mama Roda, na bwana shamba akaja na pikipiki yake kutufundisha kupanda kabichi. Alikuwa mtu mpole, asiye na haraka. Alitoa mfukoni kifuniko cha chupa ya soda akakiinua juu ili tukione.

"Kila shimo, mbolea ya kupandia kifuniko kimoja," alisema. "Changanya na udongo, halafu weka mche. Msiirushe ovyo."

Mimi nikainua mkono. "Kifuniko kimoja ni gramu ngapi?"

"Ni kifuniko kimoja, mama."

Wenzangu wakacheka. Hawakunicheka mimi, nadhani, lakini kicheko kile kiliniingia mahali pabaya, kwa kuwa niliketi miaka mitano kwenye benchi la watoto, magoti yakigusa kidevu, nijifunze gramu na kilo, na sasa naambiwa nipime kwa kitu ambacho walevi hukitema mlangoni pa baa. Nikaamua pale pale, kimoyomoyo, kwamba kifuniko kile ni kipimo cha wasiosoma. Huo ndio uamuzi mdogo wenyewe. Haukuzidi ukubwa wa kifuniko.

Jumamosi, tarehe 19 Machi, nikavaa miwani, nikasoma gunia la mbolea juu hadi chini, nikapima bustani kwa kamba, nikapiga hesabu kwenye daftari nikaihakiki mara mbili (hesabu ilikuwa sahihi, mpaka leo ninalo daftari, na atakaye aje aihakiki), kisha nikaitawanya mbolea bustani nzima, kushoto na kulia, sawasawa, kama mtu anayewatupia kuku mtama. Mistari ilikuwa kumi na miwili. Nilipomaliza wa kumi, mbolea ikawa inakaribia kwisha, basi ile mistari miwili ya mwisho, iliyo upande wa kijito, nikaibania: nikawa nachota kwa ncha za vidole na kuweka kidogo kidogo kwenye shimo la kila mche. Niliionea huruma mistari ile. Karibu niiombe radhi.

Mama Roda akapita na mtungi wake wa maji, akasimama.

"Mama Fanis! Sasa hapo katikati ya mistari umepanda nini, ndiyo unapalisha?"

"Naulisha udongo," nikamjibu. "Udongo wote."

"Haya. Mwenye kusoma amesema."

Mwanzoni kila kitu kilinipa haki. Kabichi zilikuwa za kijani kibichi, nene, na nilihakikisha Shemeji Makokha anapita njia ya bondeni. Ni kweli kwamba magugu nayo yalikuwa ya kijani kibichi, lakini tarehe 9 Aprili niliyapalilia nikasahau. Tarehe 16 Aprili nikarudia ya kwanza kwa mbolea ya kukuzia: mistari kumi kwa kutawanya, miwili ya mwisho kwa kubania, maana hata safari hii haikutosha (hapo ingefaa nijiulize, sikujiuliza). Siku nne baadaye nikaitwa Shieywe, kwa dada yangu aliyevunjika mguu. Mama Roda alinisindikiza hadi barabarani.

"Nikupalilie ukiwa huko?"

"Usijisumbue," nikasema, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu amenikumbusha yeye mwenyewe kila mwezi tangu wakati huo. "Kabichi iliyoshiba hujitetea."

Nikakaa Shieywe siku kumi na tisa, mwili uko kwa dada yangu na macho yako bondeni. Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri na kila tone nililisikia kama linaniita. Ili nijitulize nikaandika barua za mwaliko kwa mkono wangu, moja kwa bwana shamba, nyingine kwa wanachama wa kikundi, nyingine kwa Makokha na Kukhu: "Mnakaribishwa kushuhudia kabichi za bustani ya bondeni, Jumamosi, tarehe 14 Mei 1994, saa 2.00." Hiyo saa niliiandika kwa tarakimu, jinsi inavyosomeka kwenye uso wa saa ya ukutani, kama tulivyofundishwa. Nilikuwa na maana ya baada ya chakula cha mchana. Barua zikatangulia, mimi nikarudi Jumatatu, tarehe 9 Mei.

Wenzangu, nilifika bondeni na mzigo ukiwa bado kichwani, na sikuiona bustani. Niliona mchicha. Mchicha wa mwituni, ule tunaouita tsimboka, umesimama umenifikia kifuani, mashina manene kama kidole gumba, majani mapana kama viganja, umebanana hivi kwamba nisingeweza kupitisha kikapu. Chini yake kulikuwa na yale majani yanayotambaa, ambayo hata ukiyang'oa na kuyatupa kando mvua ya usiku mmoja huyapa mizizi mipya. Na chini kabisa, gizani, nilipofunua kwa mikono miwili, ndipo nilipozikuta kabichi zangu: nyembamba, ndefu za shingo, hazijafunga kichwa hata moja, zimenyoosha majani juu kama watu walio ndani ya kisima wanaoomba kamba.

Jumanne nilipalilia. Jumatano nilipalilia, mvua ikanifukuza. Alhamisi nilikuta yale niliyoyang'oa Jumanne yameketi upya. Kila shina la mchicha nililolivuta lilitoka na kabichi yake, kwa kuwa mizizi ilikuwa imeshikana, basi ikawa kila nikiokoa nafasi naua mgeni wa heshima. Sikula vizuri. Nilikuwa nahesabu mistari, nahesabu saa, nahesabu mistari tena. Kufikia Ijumaa jioni nilikuwa nimefungua nusu ya mstari mmoja.

Jumamosi nikaamka alfajiri na mpango. Wageni wanakuja saa nane mchana. Nina asubuhi nzima. Nitasafisha hata mistari mitatu iliyo karibu na njia, na wageni nitawasimamisha hapo hapo, nitawapa chai wakiwa wamesimama. Kwa sababu ya umande na viwavi nilivaa suruali ya kazi ya marehemu, nikaikunja mara tatu miguuni, nikaifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Mimi, mwanamke wa kanisa, ambaye hata rinda la kufika magotini nililisema vibaya kwenye mkutano wa akina mama, tarehe 6 Februari mwaka huo huo. Lakini nani angeniona?

Nilikuwa katikati ya bustani, mchicha umenifunika, niliposikia sauti njiani. Nyingi. Kisha sauti ya bwana shamba: "Barua imesema saa mbili, na saa mbili ndiyo hii."

Saa mbili. Nikaitazama ile tarakimu yangu kichwani nikaiona sasa jinsi kila mtu wa Kabras mwenye akili timamu angeisoma. Hata hapo ningeweza kutoka. Ningesema, jamani mmewahi, ngojeni nikabadilishe nguo. Nilikuwa nimeshainua kisigino kimoja niliposikia Makokha akisema, "Karibu, mkwe wetu, pita hapa mbele uone vizuri."

Mkwe wetu! Alikuwa amemwita Wafula, mume wa binti yangu Fanis, kutoka Lumakanda, eti kwa kuwa watu wa huko wanajua udongo, awe shahidi. Na kwetu mama hakutani na mume wa binti yake ovyo. Hatupeani mkono, hatuketi benchi moja. Akiniona mbele njiani yeye hupinda, na asipopinda napinda mimi. Tangu harusi ya mwaka 1992 Wafula alikuwa hajaniona bila kitambaa kichwani. Sasa anione na suruali ya baba mkwe wake! Nikachuchumaa. Nikashusha kichwa. Nikaanza kuhesabu jozi za miguu, ndipo nikapata kumi na saba.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza Kukhu.

"Amejificha na aibu huko nyumbani," alisema Makokha, na sikupenda alivyokaribia ukweli. "Lakini nyinyi angalieni. Kabichi iko wapi? Mimi naonanga msitu tu. Si nilisema huu udongo umechoka?"

"Haujachoka," bwana shamba akajibu taratibu. "Tatizo ni kwamba umeshiba kila mahali. Mbolea imetawanywa. Kabichi ni mpole, mizizi yake inaanza polepole. Mchicha hauna subira. Ukimwaga chakula uwanjani, anakimaliza mwenye mbio. Halafu akishakuwa mrefu anachukua na jua."

"Alisema kabichi iliyoshiba hujitetea," akasema Mama Roda.

Walicheka mpaka ndege wa kijitoni wakaruka. Mimi chini pale nilikuwa nauma ukingo wa mkono wa shati. Nikajiambia wataondoka. Watu wakishacheka huondoka. Na wangeondoka kweli, kama Kukhu asingesogea mbele akashika tawi moja la mchicha, akalivunja, likalia *tak*, laini.

"Hii tsimboka," alisema, "mnaiacha hapa mnaenda kula nini?"

Ndugu zangu, kwingine magugu hutazamwa yakaachwa. Kwetu huliwa. Akina mama walifungua leso zao kwa pamoja, wakaingia bustanini kwa mstari, kama watu wa kuvuna, na kuanza kuchuma. Nyumba yangu ikaanza kubomolewa tawi kwa tawi. "Weh, ona majani!" "Hii na maziwa, na obusuma moto, ugali wa kwetu!" "Mwachie Mama Roda hilo shina, amelilia!" Kila tawi lililovunjika liliniachia mwanga zaidi, nami nikawa narudi nyuma, nimechuchumaa hivyo hivyo, hatua moja ya bata, nyingine ya bata, suruali ikikokota matope, kuelekea upande wa kijito.

Nilikuwa nimesahau mistari miwili ya mwisho.

Nilirudi nyuma, nikarudi nyuma, na ghafla sikuwa na kitu mgongoni. Pale nilipobania mbolea, kati ya miche hapakuwa na cha kuyashibisha magugu. Mchicha wa hapo ulikuwa mfupi, mnyonge, haufiki gotini. Nikayumba, nikakaa kitako, mbele ya macho ya watu wote, kwenye jua la saa mbili na nusu, kamba ya katani kiunoni, majani kwenye nywele, na huku na huku kwangu kabichi mbili kubwa, ngumu, zimefunga vichwa vizuri kama mipira.

Wafula akageuka upesi akaipa njia uso wake, akavua kofia akajifunika nayo machoni.

"Mama, sijaona kitu," alisema kwa sauti ya mtu anayesali. "Sijaona kitu kabisa. Hata suruali sijaona."

Hapo ndipo Mama Roda alipokaa chini, kwa kuwa miguu ilikuwa imekataa kumbeba kwa kicheko. Bwana shamba, Mungu ambariki, hakunitazama mimi. Alitazama kabichi. Aliipitia mistari ile miwili, akainama, akagonga kichwa kimoja baada ya kingine.

"Hizi uliziwekea mbolea vipi, mama?"

"Kwenye shimo," nikasema nikiwa bado nimekaa. "Kwa vidole. Kidogo kidogo."

"Kama kifuniko kimoja?"

"Kama kifuniko kimoja," nikasema, na maneno yale yaliniuma kuliko viwavi.

Makokha akajikohoza. "Mistari miwili kati ya kumi na miwili. Hayo ndiyo mavuno? Kukhu, Agosti tulikubaliana..."

"Makokha," Kukhu akamkata, leso yake imejaa hadi fundo limekataa kufungika. "Ulisema udongo umechoka. Udongo uliochoka unaweza kumficha mtu mzima?"

Makokha akautazama mchicha, kisha akanitazama mimi.

"Na hiyo miwa," Kukhu akaendelea, akimwonyesha ufizi wake mtupu, "nitaitafuna kwa meno ya nani?"

Kesi ikaisha hapo. Bustani ikabaki yangu, lakini kwa hukumu yake Kukhu: nusu iwe ya kabichi na nusu ya tsimboka, na ile nusu ya tsimboka niilishe vile vile nilivyoilisha, nitawanye nipendavyo, maana kazi hiyo, alisema, naijua. Wafula nilimpelekea jogoo ili kuiondoa aibu kati yetu, pamoja na barua ya tarehe 21 Mei iliyozungumzia hali ya hewa tu. Alijibu kwamba ingokho amefika salama na kwamba hali ya hewa ya Lumakanda pia ni nzuri. Makokha hajaitaja tena miwa. Badala yake huniita Mulamwa Suruali, na mimi humwitikia, kwa sababu mtu akikuita hivyo akiwa amesimama njiani, na wewe uko ndani ya bustani yako, huna hasara kubwa.

Bwana shamba alipokuwa anawasha pikipiki siku ile alinitilia kitu mkononi bila neno. Sikuhitaji kukitazama. Jumamosi, tarehe 17 Septemba 1994, nilishuka nacho bondeni, nimevaa rinda, nikapiga magoti kwenye mstari wa kwanza na kuanza: shimo, kifuniko, shimo, kifuniko. Mama Roda akapita na mtungi wake, akasimama kama kawaida yake.

"Mama Fanis! Leo huulishi udongo wote?"

"Leo nalisha walioalikwa tu," nikamwambia.

Akacheka, akaenda zake. Mimi nikaendelea. Kifuniko kile kipo hadi leo kwenye kopo la sindano zangu, nami nimeapa kutomdharau tena mwenye kupima kwacho. Na tangu mwaka ule, nikimwandikia mtu mwaliko, hata uwe wa chai, saa naiandika kwa maneno: saa nane mchana.